Mwiko wa Bwawa

Jina alilopewa mzee huyu siku ya kuzaliwa lilishasahaulika hata na waliompa. Watu walimwita Mwiko, na kama Kiswahili chako ni kizima unajua neno hilo lina maana mbili. Zote mbili zilimkaa sawasawa. Kwanza alikuwa fundi lipu kwa miaka arobaini na tatu, mwiko mkononi tangu asubuhi mpaka jioni, na kuta alizozilainisha ukiziunganisha zingefika mbali. Pili alikuwa mtu wa miiko: hiki hakifanywi, kile hakiguswi, na akishatamka usijisumbue kumbembeleza, utachoka bure.

Miiko yake mikubwa ilikuwa miwili, na yote ilihusu bwawa la kuogelea lililokuwa nyuma ya nyumba yake.

Usifikirie bwawa la kuringia, lile la viti vya kulalia na miavuli. Hili lilikuwa na hatua kumi urefu, tano upana. Upande mmoja mtoto wa miaka sita anasimama bila shida, upande wa pili maji yanamfika mtu mzima kifuani. Ndani lilipigwa lipu nyeupe, simenti nyeupe iliyochanganywa na unga wa marumaru, na kwa miaka ishirini na sita watoto wa mitaa ile walijifunza kuogelea humo. Aliyewafundisha ni binti yake, ambaye kila mtu, mkubwa kwa mdogo, alimwita Mwalimu.

Mwiko wa kwanza ulikuwa wa nati. Kila siku, kabla mtoto hajalowesha hata kidole cha mguu, mzee alisimama ukingoni upande wa kina, akarusha majini nati nyeusi ya chuma yenye ukubwa wa kifungo cha koti. Anasubiri maji yatulie. Anatazama. Akiiona anasema, "Ipo," na watoto wanaingia huku Mwalimu akipiga mbizi kuirudisha. Asipoiona, kila mtu arudi kwao, hata mzazi awe ametoka mbali na ana haraka zake. Nati haionekani, mtoto haingii. Wazazi wageni walicheka mara ya kwanza, halafu wakaelezwa sababu, na baada ya hapo hakuna aliyecheka tena.

Sababu yenyewe ni hii. Mwiko alikuwa na mtoto wa mwisho, wa kiume, wa miaka tisa. Ilikuja kampuni kupanua barabara, ikachimba kifusi pembeni, ikamaliza kazi, ikaondoka. Shimo liliachwa hivyo hivyo, bila uzio, bila kufukiwa. Mvua zikanyesha, likajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Siku moja wenzake na yule mtoto walikuja mbio nyumbani wakiwa wamelowa, wao wanne, na walikuwa wameondoka watano.

Mwiko alifika akaruka na viatu vyake. Maji yalimfika kifuani. Kifuani tu, jamani. Alitembea humo huku na huku akipapasa kwa miguu, maana hata kiganja chake mwenyewe hakukiona kikishazama. Mtoto alipopatikana, alikuwa hatua tatu kutoka pale baba yake aliporukia. Mwiko alikuwa amepita pale mara mbili, na mara zote mbili miguu yake ilipapasa tope.

Kaburi lilichimbwa na mafundi sita wa kikosi chake. Miezi miwili baadaye alianza kuchimba nyuma ya nyumba, na watu wakanong'ona kwamba msiba umempanda kichwani. Wale wale sita walikuja, wakapiga lipu kwa siku moja, nyeupe kama karatasi, na upande wa kina aliupima mwenyewe: kifuani. Wakati wanaosha vifaa, akawaambia, "Asiyeshika jembe kwenye kaburi la mwanangu, mwiko wake hautagusa bwawa hili." Sita wote wakaitikia. Huo ndio ukawa mwiko wa pili. Na tangu siku hiyo neno kampuni alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya ndimu.

Sasa, lipu ya bwawa nayo huzeeka. Dawa ya maji inaila polepole, jua linaichoma, inaanza kukwaruza, inaingia madoa, halafu inaachana na ukuta. Kikosi kiliweka viraka kadiri kilivyoweza, na kikosi chenyewe kikawa kinapungua. Walikufa mmoja mmoja, huyu kwa moyo, yule kwa pikipiki, mpaka akabaki mmoja tu, naye magoti yake yalishastaafu kabla yake.

Jumamosi moja lipu iliyobanduka ilimpasua binti wa miaka saba unyayo, damu ikatoka kama ya kuku. Mwalimu alimtoa mtoto, akawatoa wote, akamfunga kidonda kwa kanga, akawapigia wazazi mmoja mmoja. Alipomaliza alikuja kuketi barazani karibu na baba yake, nywele bado zinachuruzika.

"Baba, hili halina viraka tena. Libanduliwe lote, lipigwe upya."

"Nitalipiga."

"Wewe na nani?"

Mwiko alitazama mikono yake. "Mimi na hii."

"Wazazi wamesema watachangia. Tuwaite watu wa kazi, wiki moja wamemaliza, tunaendelea."

"Waliochimba lile shimo nao walikuwa watu wa kazi," mzee akasema. "Tena wenye kofia ngumu."

Mwalimu aliinuka akaingia ndani. Lakini alikuwa binti wa baba yake, na kichwa chake hakikuwa laini kuliko cha mzee, kwa hiyo Jumatatu akamwita kiongozi wa kikosi kimoja kilichosifika kwa mabwawa. Akaja mwanamke wa miaka kama arobaini, suruali imeganda simenti magotini. Mafundi wake walimwita Bosi. Alimwamkia mzee shikamoo mbili, moja ya kawaida na moja ya heshima ya kazi, akavua viatu, akashuka ndani ya bwawa lililokwisha kukaushwa. Akachukua nyundo, akaigeuza, akaanza kugonga kwa mpini huku ameinamisha sikio. Ko, ko, ko. Alipofika mahali penye sauti ya debe tupu akasimama, akachora duara kwa chaki.

Mwiko alisikiliza kutoka juu. Kila aliposimama yule mama, ndipo naye angesimama. Hilo ndilo lililomkera kuliko yote, maana mtu ukishaamua kumchukia hupendi akupe sababu ya kutomchukia.

"Mzee, imeachana na ukuta karibu yote," Bosi alisema alipopanda. "Ishuke yote. Halafu watu sita, siku moja, bila kusimama."

"Najua ni siku moja. Nilijua kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana nakwambia wewe, sijamwambia mwingine."

"Nyinyi mnachimba mnaondoka," Mwiko akasema. "Asante kwa kuja."

Bosi hakujua amekosea wapi. Alichana kipande cha karatasi ya mfuko wa simenti, akaandika namba yake ya simu, akakiweka chini ya jiwe barazani. Akavaa viatu akaenda zake.

Mwalimu na baba yake hawakusemeshana siku mbili. Siku ya tatu wakaafikiana, kama wanavyoafikiana watu wanaopendana na wote ni wabishi. Mzee apewe likizo yote ya shule, wiki tano. Afanye peke yake, binti asichungulie mpaka aitwe. Bwawa likijaa maji, nati irushwe. Ikionekana, kazi ni halali na watoto wanarudi. Isipoonekana, aitwe Bosi.

"Nati ndiyo hakimu," Mwalimu akasema.

"Nati ndiyo hakimu," mzee akaitikia, na moyoni mwake kitu kilidondoka.

Sasa niseme jambo ambalo Mwiko hakumwambia mtu. Nati ile alikuwa haioni. Alianza kwa kuona ukungu, akadhani ni vumbi la kazi. Ukungu ukazidi, taa zikaota nywele, nyuso zikafutika mpaka akawa anawatambua watu kwa sauti na mwendo. Aliujua ugonjwa huo, hata mama yake ulimpata. Unaitwa mtoto wa jicho. Jina hilo alishindwa kulitamka mbele ya daktari, alishindwa hata kulitamka peke yake chumbani. Mtoto wake alimpoteza kwa sababu hakuona, na sasa ugonjwa uliomzuia kuona unaitwa mtoto. Mtu unamwelezaje daktari habari kama hiyo?

Kwa hiyo alijifunza ujanja. Nati aliirusha mwenyewe, na mkono wake ulijua umeirusha wapi. Akisikia chubwi, anahesabu mpaka ishirini, anasema, "Ipo." Alijiambia kwamba kujua ilipo ni sawa na kuiona. Ilikuwa yapata mwaka sasa. Mficha maradhi kilio humfichua, wamesema wahenga, na Mwiko alikuwa akiwaambia wenzake methali hiyo hiyo walipokuwa wanaficha vifua vyao vibovu.

Kazi ikaanza. Alibandua lipu kwa tindo na nyundo, sehemu baada ya sehemu, na kwa kweli kwenye kubandua hakuhitaji macho, tindo lenyewe linakwambia. Siku kumi na moja. Viganja vilivyokuwa vimeanza kulainika kwa uzee vikatoka malengelenge, yakapasuka, yakaota sugu upya. Alibeba kifusi ndoo kwa ndoo. Akaosha kuta, akaziba nyufa kwa simenti ya kawaida, ile ya kijivu. Mifuko ya simenti nyeupe ilipoletwa, aliipanga stoo pembeni ya ile ya kijivu.

Yule mwenzake aliyebaki alikuja karibu kila siku, akikokota magongo mawili. Huyu walimwita Pima Maji, kwa sababu ujanani hata akilewa alitembea amenyooka kama kile kifaa cha mafundi chenye tone la hewa ndani ya kioo. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, akatoa maoni bila kuombwa.

"Mkono mmoja hauchinji ng'ombe," akasema.

"Sichinji ng'ombe. Napiga lipu."

"Ng'ombe ana afadhali. Yeye ukimkosea anakimbia, unamfuata kesho. Lipu inakufa hapo hapo unaitazama."

Mwiko alicheka, na kicheko kilimuuma mbavu, kwa sababu ni kweli. Lipu ya bwawa huwezi kuipiga leo nusu, kesho nusu. Ya leo inakuwa imekauka, ya kesho inakataa kushikana nayo, panabaki mshono. Mshono unaingiza maji, maji yanaingiza uchafu, na baada ya mwaka una mstari mweusi unaopita katikati ya bwawa. Ndiyo maana wanahitajika watu sita. Mwiko alijua yote hayo, akaamua atashindana nayo. Alifunika bwawa lote kwa turubai ili jua lisikaushe haraka, akawa anafanya kazi kwenye kile kivuli cha buluu, kipande kwa kipande, siku nane. Kila mshono aliupapasa kwa kiganja, akausugua kwa jiwe mpaka kiganja kikasema sawa.

Alichanganya mwenyewe, akachota mwenyewe. Mle chini ya turubai kila kitu kilikuwa na rangi moja, rangi ya ukungu. Alipoweka mwiko wa mwisho kwenye kona ya upande wa kina, alipiga magoti akalia kidogo, si kwa huzuni. Miaka sabini na mbili, peke yake, na mwiko haukuvunjwa.

Turubai likatolewa, mpira wa maji ukafunguliwa. Bwawa likishapigwa lipu hujazwa bila kufunga maji hata dakika, la sivyo linaacha duara ukutani. Mzee alikaa na mpira siku mbili. Mwalimu hakungoja kuitwa, alipita mara moja, akatazama ndani, akasimama sana. Mwiko alimsikia akivuta pumzi, akafikiri ni mshangao wa furaha.

Siku ya hukumu ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda. Pima Maji alikuwepo juu ya ndoo yake. Mwiko alinyoosha mkono apewe nati.

"Leo narusha mimi," Mwalimu akasema.

"Kwa nini?"

"Mimi ndiye mwenye wanafunzi. Sogea ukingoni, Baba."

Alisogea. Alitega sikio, hilo ndilo lilikuwa jicho lake sasa. Chubwi. Kulia kidogo, karibu na kona. Alihesabu taratibu mpaka ishirini, akaongeza tano kwa ajili ya heshima ya siku hiyo.

"Ipo," akasema.

"Iko wapi?"

"Ile pale, kulia, karibu na kona. Mwenye macho haambiwi tazama."

Mwalimu alimshika mkono. Alimfungua vidole kimoja kimoja, kama anavyomfanyia mtoto anayeng'ang'ania ukingo wa bwawa, akamwekea kitu kiganjani. Kilikuwa kikavu, kizito, na kina joto la mfukoni. Mwiko alikipapasa mara moja tu. Baada ya miaka ishirini na sita hakuhitaji mara ya pili.

"Nimerusha kipande cha lipu, Baba," Mwalimu akasema. "Tena hukioni nacho."

Pima Maji aliondoa kofia yake, akaishika.

"Tangu lini?" binti akauliza.

"Tangu mwaka jana. Kabla kidogo."

"Nilikuwa naitafuta kwa mikono kule chini, madoa meusi matupu, siioni. Wewe juu unasema ipo. Nikasema labda macho yangu ndiyo mabovu." Alikaa chini ukingoni. "Na hii lipu, Baba. Umechanganya mifuko. Kuna sehemu nne za kijivu, kubwa, na ile ya upande wa kina ndiyo kubwa kuliko zote. Ningeirusha nati pale hata mimi nisingeiona."

Mwiko alibaki amesimama na nati mkononi. Kazi ya wiki tano ilikuwa imekwisha kufa mbele ya macho ambayo hayakuiona ikifa. Lakini cha ajabu, si hilo lililomuumiza kuliko yote.

"Wameingia wangapi?" akauliza. "Tangu hapo."

"Baba, hakuna aliyezama."

"Sijauliza waliozama."

Mwalimu alihesabu kimya. "Arobaini na wawili."

Alikaa chini palepale, miguu ikaingia majini na viatu. Watoto arobaini na wawili, siku baada ya siku, na mtu aliyewekwa kuwaangalia alikuwa akihesabu mpaka ishirini. Alimkumbuka yule msimamizi wa barabara ambaye hakuwahi kumjua sura, ambaye pengine alisimama pembeni ya lile shimo siku ya kuondoka, akaliangalia, akasema lipo sawa. Kwa miaka yote hiyo Mwiko alikuwa akimlaani mtu huyo kila anapoamka.

"Mimi ndiye niliyeacha shimo wazi," akasema. Alilia waziwazi, mdomo wazi kama mtoto, na binti yake akamshika mabega bila kumwambia anyamaze.

Alipofuta machozi akasema, "Mwite yule mama."

Halafu akatikisa kichwa. "Lakini mwiko. Nimeutamka mbele ya watu sita, watano wako udongoni. Nitawaambia nini? Yule hakushika jembe."

Pima Maji alikohoa. Alivaa kofia yake tena.

"Nilikuwepo ulipousema," akasema. "Ulisema asiyeshika jembe kwenye kaburi la mwanao. Hukusema siku gani."

Mwiko aligeuza uso kuelekea ile sauti.

"Wewe mzee ni mjanja mpaka unatia kinyaa," akasema mwishowe.

"Magoti ndiyo yamekufa. Kichwa bado kipo kazini."

Kile kipande cha karatasi kilikuwa bado chini ya jiwe. Mwalimu alisoma namba, akapiga, akampa baba yake simu.

"Mwanangu, ni mimi yule mzee mwenye mdomo."

"Shikamoo, mzee. Nimekujua."

"Marahaba. Nilikukosea. Siku ile nilikuwa nagombana na mtu mwingine kabisa, wewe ukapita katikati. Njoo na watu wako. Lakini kabla ya bwawa kuna kazi nyingine, ya saa moja tu. Njooni na majembe." Akamweleza ni kazi gani na kwa nini.

Bosi akasema, "Majembe tunayo."

Walikuja siku ya Jumatano, watu sita, Bosi mwenyewe akiwa mmoja wao. Makaburini nyasi zilikuwa zimefika magotini, maana tangu macho yaharibike Mwiko alikuwa haendi, na aliona aibu hilo lijulikane. Hawakumuuliza. Walilima kuzunguka kaburi taratibu, wakang'oa magugu, wakarudisha udongo uliochukuliwa na mvua. Mafundi vijana kwa kawaida hawakosi utani, lakini siku hiyo walisema tu "nipishe" na "leta hapa". Jembe lilipita kila mkono. Bosi alichukua kipima maji chake, akakilaza juu ya jiwe la kaburi, akainama kutazama lile tone.

"Limelalia kushoto, mzee. Tuliinue?"

"Liinueni."

Wakalichomoa, wakashindilia kokoto chini yake, wakalisimamisha upya. Mwiko alilipapasa kutoka juu mpaka chini, akapitisha kidole kwenye herufi za jina ambalo hakuwa amelitamka kwa sauti miaka mingi. Alilitamka mara moja. Kisha akawashika mikono wote sita, mmoja mmoja, akapapasa viganja vyao kama anayetafuta kitu.

"Haya," akasema. "Sasa ni watu wangu."

Kwanza walibandua kazi yake. Hilo halikuwa jepesi. Alikaa juu ya ndoo karibu na Pima Maji, akasikia wiki tano zake zikidondoka vipande vipande, na kila tindo lilipopiga alikaza taya. Siku ya lipu walianza alfajiri. Sita ndani, hakuna aliyesimama, chakula walikula kwa zamu wakiwa wima. Mwiko alisikiliza miiko sita ikipita kwa pamoja, shwaa, shwaa, sauti ambayo alikuwa hajaisikia humo miaka ishirini na sita. Mara moja tu aliinua mkono. "Huyo wa kushoto, karibu na ngazi. Umeruka mahali." Bosi akaenda kutazama, akapiga magoti, akapakuta kweli.

"Mzee ana masikio ya popo," akawaambia wenzake, nao wakacheka.

Walipofika kona ya mwisho, Bosi alipanda juu akamshika mkono mzee, akamshusha. Alimpa mwiko wake wa zamani, ule wa mpini uliolika. Mwiko alilainisha pale mahali padogo penye ukubwa wa sahani, Bosi akiangalia kwa macho, yeye akiangalia kwa kiganja. Hakuongeza hata mara moja zaidi ya ilivyohitajika.

Hospitali walimwandikia siku ya kufanyiwa upasuaji wa jicho moja kwanza. Daktari alimwambia limecheleweshwa, wajaribu tu. Alilisikia lile jina la ugonjwa likitamkwa mara kumi kwa siku moja, na hakufa.

Siku ya kufungua, watoto walijipanga ukutani na taulo mabegani, yule binti wa unyayo akiwa mbele kabisa na kovu lake. Wazazi walikuwepo. Mwiko alisimama mahali pake pa siku zote, upande wa kina, nati mkononi. Aliirusha. Ilisema chubwi. Maji yakatulia, na watu wote wakamtazama yeye kama kawaida, wakisubiri lile neno.

"Mimi siioni," akasema kwa sauti, ili wa mwisho kabisa asikie. "Nina mtoto wa jicho. Mwaka mzima nilikuwa siioni, nikasema naiona, na watoto wenu walikuwa humu. Nisameheni." Alingoja, na hakuna mzazi aliyemtoa mtoto wake mstarini. "Mwalimu. Tazama wewe."

Mwalimu alisogea ukingoni, akasimama bega kwa bega na baba yake. Chini kulikuwa kweupe, kona mpaka kona. Hakuwa na haraka.

"Ipo, Baba," akasema. "Hatua tatu kutoka hapa."

Mzee aliinamisha kichwa. Mkono wake ulimtafuta binti yake, ukampata.

"Basi waingie," akasema.